Monica Wilson: Profesa aliyejifunza Rungwe maana ya kuketi pamoja

Wanyakyusa wa Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, wana neno ukwangala. Ni kuketi na wenzako, kula na kunywa nao, kuzungumza na kucheka nao pasipo haraka. Katika miaka ya 1930 wazee wa huko waliihesabu hali hiyo kuwa shule. Waliamini kwamba mtu hupata busara kwa kuzungumza na wenziwe, na kwamba anayejitenga hubaki mjinga, au hushukiwa kuwa na jambo baya analolificha. Mwaka 1935 mwanamke wa miaka 27 kutoka Afrika Kusini aliwasili huko, akajifunza lugha yao, na neno hilo akalifanya kiini cha kitabu ambacho kingali kinasomwa vyuoni hadi leo.

Mwanamke huyo ni Monica Wilson, aliyefariki dunia tarehe 26 Oktoba 1982 akiwa na umri wa miaka 74. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa profesa wa anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Wanafunzi wake walitawanyika katika vyuo vya Afrika, Ulaya na Marekani, na wengi wao walimkumbuka kwa heshima na mapenzi. Lakini maisha yake yana fumbo moja. Yale aliyoyasikia kwa Wanyakyusa, kwamba elimu huzaliwa pale watu wanapoketi pamoja, alirudi kuyafundisha katika nchi iliyokuwa ikitunga sheria moja baada ya nyingine ili watu wasiketi pamoja.

Binti wa Lovedale

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1908 katika misheni ya Lovedale, karibu na mji mdogo wa Alice, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Eastern Cape. Jina lake la kuzaliwa ni Monica Hunter. Wazazi wake walikuwa wamisionari wenye asili ya Uskoti, na baba yake, David Hunter, alikuwa pia mhariri wa jarida la misheni hiyo. Lovedale ilifunguliwa mwaka 1841, na ilikuwa miongoni mwa shule zilizowaelimisha Waafrika wengi wa mwanzo waliokuja kuwa walimu, wachungaji, waandishi wa magazeti na viongozi wa siasa.

Monica alianza masomo hapo hapo, darasa moja na watoto wa Kiafrika, na lugha ya Kixhosa aliisikia na kuizungumza tangu utotoni. Kwa mtoto wa kizungu wa nchi hiyo, malezi hayo hayakuwa ya kawaida. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, bunge la wazungu lilipitisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913, iliyowazuia Waafrika kununua au kukodi ardhi katika sehemu kubwa kabisa ya nchi yao. Miaka mitatu baadaye, jirani na Lovedale, kilifunguliwa chuo kilichokuja kujulikana kama Fort Hare. Akiwa mtoto aliyaona mambo hayo mawili kwa pamoja: mlango wa ardhi ukifungwa na mlango wa elimu ukifunguliwa kidogo.

Baada ya sekondari mjini Port Elizabeth alikwenda Uingereza, katika chuo cha Girton, Cambridge. Alianza kwa kusoma historia, kisha akahamia anthropolojia. Alirudi nyumbani kufanya utafiti wa shahada ya uzamivu, ambayo aliipata mwaka 1934.

Utafiti huo ulikwenda kinyume na mazoea ya wakati wake. Wanaanthropolojia wengi walitafuta kabila lililo mbali na barabara, wakaliandika kana kwamba duka, kanisa, kodi na polisi havikuwapo. Msichana wa Lovedale alijua kwamba Afrika ya namna hiyo haipo. Alikaa kwa Wampondo, katika nyumba zilizo karibu na maduka ya wafanyabiashara wa kizungu. Kisha akaenda katika mitaa ya Waafrika ya East London na Grahamstown, na hatimaye katika mashamba ya wazungu, ambako familia za Kiafrika ziliishi kwa kibali cha mwenye shamba. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Reaction to Conquest, kilichapishwa mwaka 1936. Hoja yake ilikuwa wazi: weusi na weupe wa Afrika Kusini tayari walikuwa wamefungamana katika jamii moja, isiyo ya haki, na hakuna aliyeweza kumwelewa mmoja bila kumtazama mwingine.

Miaka ya Rungwe

Mwaka 1935 aliolewa na Godfrey Wilson, Mwingereza aliyekuwa amesoma Oxford, mtoto wa mtaalamu mashuhuri wa tamthilia za Shakespeare, John Dover Wilson. Wote wawili walipitia mikononi mwa Bronisław Malinowski, ambaye semina yake mjini London ilikuwa chimbuko la wanaanthropolojia wengi wa kizazi hicho. Kwa ufadhili wa fedha za Rockefeller, Godfrey alikuwa ametangulia Tanganyika mwaka 1934. Mkewe alimfuata baada ya harusi, na kazi yao kwa Wanyakyusa ilidumu hadi mwaka 1938.

Rungwe ni nchi ya mvua nyingi, migomba na ng'ombe, iliyo kati ya milima ya Mbeya na ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Wamisionari wa Moravia na Walutheri wa Kijerumani walikuwa wamefika tangu mwaka 1891. Kufikia miaka ya 1930 kulikuwa na makanisa, shule, mashamba ya kahawa na vijana waliokwenda kuchimba dhahabu Lupa, upande wa Chunya, wakirudi na fedha za kununulia nguo au kulipia mahari. Akina Wilson waligawana kazi. Godfrey alishughulika zaidi na wanaume na machifu. Monica, ambaye malaria haikumwacha kwa muda mrefu, aliutumia muda wake mwingi pamoja na wanawake na pamoja na Wakristo.

Kilichowavutia kuliko vyote ni namna vijiji vilivyojengwa. Katika sehemu nyingi za Afrika watu wa ukoo mmoja hukaa pamoja. Kwa Wanyakyusa kijiji kilikuwa cha rika. Wavulana waliofikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni. Waliendelea kula kwa mama zao, wakizunguka kwa makundi kutoka nyumba hii hadi ile, na kuwalimia baba zao, lakini usiku walilala na wenzao. Walipokua na kuoa, kila mmoja alimleta mkewe hapo, na vibanda vya watoto vikawa kijiji cha watu wazima. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe kubwa, ambapo akina baba, wangali hai, waliwakabidhi vijana wao ardhi na mamlaka.

Wanyakyusa wenyewe walitoa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa heshima: mtoto wa kiume aliyebalehe hakupaswa kulala karibu na nyumba ya baba yake, na mke wa mtoto hakupaswa kukutana uso kwa uso na baba mkwe. Ya pili ilikuwa ule ukwangala. Mtoto akikaa na wakubwa hunyamaza. Akikaa na wa rika lake hubishana, hukosea, hurekebishwa na hujifunza kusema. Jirani mwema alikuwa yule anayekula na wenziwe, na jirani aliyekula peke yake alijiweka katika hatari ya kuitwa mchawi.

Monica Wilson hakuficha upande wa pili wa sifa hizo. Ujirani ule ule uliomlea mtu ulikuwa pia na nguvu ya kumwadhibu. Watu waliamini kwamba manung'uniko ya wanakijiji dhidi ya mkosaji huweza kumletea baridi mwilini, homa na hata kifo. Imani hiyo waliiita pumzi ya watu. Aliona vilevile kwamba vijiji hivyo viliundwa na wanaume. Mwanamke aliingia kwa kuolewa, na urafiki wake wa utotoni aliuacha nyuma.

Karani aliyefariki mapema

Kazi yote hiyo isingewezekana bila watu waliofasiri lugha na desturi. Mashuhuri kati yao ni Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa Mkristo aliyezaliwa mwaka 1910 na kuajiriwa na akina Wilson kama karani. Alikwenda pamoja nao kwenye mahojiano, akaandika maelezo kwa Kinyakyusa, akaeleza maana iliyojificha nyuma ya neno au kitendo, na akafungua milango ambayo mgeni asingeweza kuibisha. Alifariki mwaka 1938, mwaka ule ule utafiti ulipokwisha, akiwa bado kijana.

Vitabu vilikuja baadaye sana. Good Company, kinachohusu vijiji vya rika, kilitoka mwaka 1951. Vikafuata vitabu viwili vya mila na matambiko, mwaka 1957 na 1959, na cha mwisho, For Men and Elders, mwaka 1977. Mwaisumo hakukiona hata kimoja. Katika karne hii watafiti waliorudi kuzisoma daftari za uwandani wameonyesha jinsi sauti yake ilivyoenea ndani ya vitabu hivyo, na mwaka 2013 kilichapishwa kitabu kizima kuhusu Wilson na wafasiri wake. Imekuwa heshima iliyochelewa, lakini imesaidia kuweka jambo moja sawa: kilichoitwa elimu ya profesa kilikuwa tangu mwanzo elimu ya watu wengi walioketi pamoja.

Mjane na wanafunzi wa Fort Hare

Mwaka 1938 Godfrey aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Alichunguza maisha ya wafanyakazi wa mgodi wa Broken Hill, mji unaoitwa sasa Kabwe, akaonyesha kwamba Waafrika walikuwa wakihamia mijini kuishi wala si kupita tu. Hoja hiyo haikuwapendeza waliotaka kuwalipa mshahara wa mtu mmoja asiye na familia. Zaidi ya hayo, Godfrey alikuwa mpinzani wa vita wakati Uingereza ilipokuwa vitani. Wakuu wa mgodi walimfungia mlango, na mwaka 1941 alijiuzulu.

Alijiunga na kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Kusini ili ahudumie wagonjwa bila kushika silaha. Lakini afya yake ya akili ilidhoofika, na mwezi Mei mwaka 1944 alijitoa uhai. Monica alibaki mjane akiwa na umri wa miaka 36, na watoto wawili wa kiume, Francis na Timothy, ambao hata shule walikuwa hawajaanza. Kitabu walichokuwa wameandika pamoja kuhusu mabadiliko ya jamii alikikamilisha, kikatoka mwaka 1945 kikiwa na majina yao yote mawili.

Mwaka huo huo wa msiba alirudi karibu na alikozaliwa, akaanza kufundisha Fort Hare. Kwa miaka miwili alikuwa mhadhiri na pia mlezi wa wanafunzi wa kike. Hapo ndipo tabia yake ya ualimu ilipoanza kuonekana. Aliwataka wanafunzi wa Kiafrika wasikariri yaliyoandikwa na wageni bali watoke wakatafiti jamii zao wenyewe, wakaandike, na kazi zao ziheshimiwe. Livingstone Mqotsi alikwenda kuwachunguza waganga wa Middledrift. Godfrey Pitje, mwanafunzi mwingine wa miaka hiyo, baadaye aliongoza Umoja wa Vijana wa chama cha ANC, kisha akawa wakili aliyefunzwa katika ofisi ya Nelson Mandela na Oliver Tambo.

Mwaka 1947 alipewa uprofesa katika chuo cha Rhodes, Grahamstown, na mwaka 1952 akahamia Cape Town, kwenye kiti kilichowahi kukaliwa na A. R. Radcliffe-Brown na Isaac Schapera.

Elimu moja, njia mbili

Alipokuwa akishika kiti hicho, anthropolojia ya Afrika Kusini ilikuwa imegawanyika. W. W. M. Eiselen, aliyekuwa profesa wa Stellenbosch, alikuwa amegeuka mtumishi mkuu wa serikali ya ubaguzi wa rangi. Aliongoza tume iliyoandaa njia ya elimu duni kwa watoto wa Kiafrika, na akawa katibu wa wizara iliyotawala maisha ya Waafrika. Kwa wataalamu wa mkondo wake, kila kabila lilikuwa na roho yake isiyochanganyika na ya wengine, na kwa hiyo kuwatenga watu kulikuwa ni kulinda maumbile.

Wilson aliipinga hoja hiyo kwa silaha ile ile ya elimu. Mfano mkubwa ni suala la ardhi tupu. Shule za Afrika Kusini zilifundisha kwamba wakulima na wafugaji wa Kiafrika waliwasili nchini takriban wakati mmoja na wazungu waliotia nanga Cape mwaka 1652, na hivyo hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Katika makala ya mwaka 1959 Wilson alirudi kwenye maandishi ya mabaharia wa Kireno ambao meli zao zilivunjika pwani ya kusini mashariki katika karne ya 16 na 17. Manusura hao, wakitembea kwa miguu kuelekea kaskazini kutafuta msaada, waliwakuta watu wenye ng'ombe, mashamba na machifu, na hata waliyaandika maneno waliyoyasikia. Ardhi haikuwa tupu. Makala ya kurasa chache ilitosha kuutikisa uongo uliobebwa na dola nzima.

Hoja hiyo ilipata uwanja mpana katika historia ya Afrika Kusini ya juzuu mbili, Oxford History of South Africa, aliyoihariri pamoja na Leonard Thompson mwaka 1969 na 1971. Juzuu ya pili ilitoka kwa sura mbili. Nje ya nchi ilikuwa kamili. Ndani ya Afrika Kusini, sura iliyoandikwa na Leo Kuper kuhusu harakati za ukombozi wa Waafrika iliondolewa, kwa hofu ya sheria iliyokataza kunukuu maneno ya watu waliopigwa marufuku, na mahali pake pakaachwa kurasa tupu. Kwa msomaji wa nchini, weupe wa kurasa hizo ulikuwa somo la historia linalojitosheleza.

Langa na Archie Mafeje

Uhusiano wa ualimu uliomgusa zaidi, na kumuumiza zaidi, ulikuwa na kijana aliyeitwa Archie Mafeje. Alizaliwa mwaka 1936 huko Transkei, akaja Chuo Kikuu cha Cape Town kusoma biolojia, kisha akahamia anthropolojia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wilson alimwajiri kufanya utafiti katika Langa, mtaa wa Waafrika uliojengwa na serikali nje ya Cape Town mwaka 1927.

Wakati ulikuwa mgumu. Tarehe 30 Machi 1960, siku tisa baada ya mauaji ya Sharpeville, makumi ya maelfu ya watu waliandamana kutoka Langa hadi katikati ya jiji wakiongozwa na Philip Kgosana, kijana wa miaka 23. Kwa mwanamke wa kizungu, kuingia Langa kulihitaji kibali, na kukaa huko hakukuwezekana. Mafeje aliingia bila kupiga hodi. Aliketi na vibarua waliotoka kijiji kimoja na kulala bweni moja, na wenyeji wa mjini waliowadharau wageni wa shamba, na wachezaji wa raga, na waumini wa makanisa madogo. Aliandika, akampelekea profesa, nao wakajadiliana. Kitabu Langa kilipotoka mwaka 1963, majina mawili yalikuwa kwenye jalada. Profesa mzungu na mtafiti mweusi wa umri wa mwanawe kuandikwa bega kwa bega lilikuwa jambo nadra sana katika Afrika Kusini ya siku hizo.

Lakini sheria ilikuwa imeshawapita mbele. Tangu mwaka 1959 vyuo vilivyokuwa vikiwapokea wanafunzi wa rangi zote vilikatazwa kuwapokea weusi bila idhini ya waziri. Mafeje, aliyekwishakamatwa na kutozwa faini kwa kuhutubia mkutano, aliondoka kwenda Cambridge. Huko alisoma chini ya Audrey Richards, rafiki wa Wilson, aliyewahi kuongoza taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere. Kwa sababu hiyo utafiti wake wa shahada ya uzamivu uliwahusu wakulima wakubwa wa Buganda.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimchagua Mafeje kuwa mhadhiri mwandamizi katika idara ya Wilson. Serikali ilitishia. Baraza la chuo likatii, likaufuta uteuzi. Mwezi Agosti mamia ya wanafunzi, wengi wao wazungu, waliingia katika jengo la utawala la Bremner, wakaketi humo kwa siku tisa. Walishindwa. Wilson, ambaye maisha yake yote ya kazi yalielekea kwenye siku kama hiyo ya kumpokea mwanafunzi wake kuwa mwenzake, alibaki na idara isiyokuwa naye. Alibaki nchini pia, wakati wenzake wengi walikuwa wakihama.

Mlango uliofungwa Cape Town ulifunguliwa Dar es Salaam. Mwaka 1969 Mafeje aliwasili katika chuo kikuu cha huko na kuiongoza idara ya sosholojia hadi mwaka 1971. Ndivyo Tanzania, iliyomfundisha mwalimu kuhusu ukwangala, ilivyokuja kumpa mwanafunzi wake mahali pa kuketi. Kutoka hapo alikwenda Uholanzi, na baadaye akafundisha Cairo kwa miaka mingi.

Urithi usio mwepesi

Mafeje hakuwa mwanafunzi wa kusifu tu. Mwaka 1971 alichapisha makala maarufu akidai kwamba dhana yenyewe ya kabila, ambayo wanaanthropolojia waliijengea nyumba, iliwafumba macho wasione matabaka, unyonyaji na siasa. Baadaye aliikataa anthropolojia kabisa, akaiita elimu iliyolelewa na ukoloni. Kitabu cha Langa alikiona kuwa kilibeba zaidi mtazamo wa kiliberali wa mwalimu wake.

Na kuhusu Rungwe vilevile kulikuwa na maswali. Simon Charsley, katika kitabu kilichochapishwa Nairobi mwaka 1969, alitilia shaka picha ya machifu na vijiji vya rika jinsi akina Wilson walivyoichora, akisema kwamba mambo yalikuwa ya kubadilika zaidi na mpangilio wake haukuwa mkamilifu kiasi hicho. Wilson alikuwa amerudi huko kwa muda mfupi mwaka 1955, akakuta mimea ya biashara imeongezeka, ardhi imepungua, na vijana wanaanza kujenga kando ya mashamba yao badala ya kijiji cha wenzao. Katika kitabu chake cha mwisho alilishughulikia jambo hilo bila kulikwepa: alieleza mambo yalivyokuwa, yalivyobadilika, na nani alipata au kupoteza nini, hasa kati ya wazee na vijana, na kati ya wanaume na wanawake.

Alistaafu mwaka 1973, akahamia Hogsback, katika milima iliyo juu ya Alice, kwenye nyumba ya familia iliyoitwa Hunterstoun. Aliendelea kuandika hapo hadi alipofariki, mwendo mfupi kutoka alikozaliwa. Mwanawe Francis alikuwa ameshakuwa mchumi aliyejulikana kwa utafiti wake juu ya mishahara ya wachimba dhahabu na umaskini wa Afrika Kusini. Timothy akawa daktari.

Hakuiona siku ya mwisho ya ubaguzi wa rangi. Hakuona pia Chuo Kikuu cha Cape Town kikiomba radhi rasmi kwa yale kiliyomtendea Mafeje. Radhi hiyo ilitolewa mwaka 2008. Mafeje naye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na waliopokea maneno hayo walikuwa ndugu zake.

Daftari za Rungwe zimehifadhiwa Cape Town, kati ya karatasi za Monica na Godfrey Wilson. Ndani yake mna maelezo ya Kinyakyusa ya watu ambao wajukuu wao bado wanaishi kati ya Tukuyu na Kyela. Vijiji vya rika havijengwi tena kama zamani, na vizazi viwili vimepita tangu wavulana wa mwisho walipoondoka kwa baba zao kwenda kujenga vibanda vya matete. Waliobaki na lugha wangali wanalitumia neno ukwangala, na kwa sehemu kubwa ni kwa maneno yao, yaliyoandikwa na karani wao, kwamba ulimwengu wa nje ulipata kulijua.